Mawe Meupe Upande Mmoja

Tryphena aliolewa na mtu mwenye sauti, na ilimchukua miaka kutambua kwamba zaidi ya sauti hakukuwa na kitu. Gibson Mwadime alikuwa nyapara wa barabara, kipande cha kutoka Voi hadi mbele kidogo ya Mraru, na ungemsikia akiwagombeza vibarua kabla hujamwona. Debe tupu haliachi kuvuma, mama yake Tryphena alisema siku ya posa kwao Mwanda, lakini hakuna aliyemsikiliza kwa sababu mkwe alikuja amevaa viatu.

Mwaka wa hamsini na nne ofisi ya barabara ilizinduka usingizini. Malori yalikuwa yakipinduka kwenye kona miaka nenda miaka rudi, na ofisi ikijibu kwamba bado inapima, bado inachora. Sasa wakubwa wakaamua kuweka kando mambo makubwa na kufanya yale madogo, ya bei nafuu, na kuyafanya upesi: vichaka vya kwenye kona vifyekwe, na mawe makubwa yapangwe ukingoni na kupakwa chokaa ili dereva ayaone kwa taa hata kwenye mvua. Lilikuwa jambo la maana, na Tryphena, ambaye hakuwa na heshima nyingi kwa ofisi ile, alilisifu kwa moyo wake wote. Kaka yake Thadeus aliendesha lori la ndizi, kila wiki akitoka Taveta kwenda soko la Voi, na kona ya Mraru, yenye korongo chini yake, ndiyo iliyokuwa ikimkosesha Tryphena usingizi.

Lakini ofisi, kwa akili zake, ikataka kuharakisha kazi kwa zawadi. Nyapara atakayemaliza wa kwanza angepewa kabuti jipya lenye vifungo vya shaba. Kabuti, jamani, huko Voi ambako jua linakaanga mijusi! Gibson alilitamani kabuti lile kuliko alivyowahi kumtamani mke.

Siku moja Tryphena alimpelekea chakula cha mchana, kimanga cha muhogo na maharagwe, pale kwenye kona, akamkuta kibarua mmoja Mkamba, Muli, amesimama na brashi mkononi.

"Nyapara, na upande huu unaotazama Taveta?"

"Huo ataukagua nani?" Gibson akauliza. "Bwana Mkaguzi anatoka Voi, anapita hapa, anavuka mpaka kwenda Moshi, halafu anarudi Nairobi kwa njia ya Namanga. Ushawahi kumwona akirudi na njia hii?"

"Hapana. Lakini madereva wanarudi."

"Madereva ndio watanipa kabuti? Songa mbele!"

Basi mawe yakawa meupe upande mmoja. Ukitoka Voi yanakumeremetea. Ukitoka Taveta, ni giza lile la babu zako. Hata vichaka vilifyekwa upande wa Voi tu. Gibson akamaliza wa kwanza, tena chokaa ikabaki. Akaibeba kwa debe hadi nyumbani, akapaka nyumba yake, na hapo pia alipaka mbele tu, panapoonekana kutoka barabarani. Nyuma, alikopikia Tryphena, ukuta uliachwa na udongo wake.

Bwana Mkaguzi, Mzungu mwenye haraka, alipita na gari, akayaona mawe, akafurahi. Jumapili iliyofuata Gibson aliingia kanisani na kabuti, jasho likimtiririka hadi kidevuni, akakataa kulivua mpaka sala ya mwisho. Watu wakampa hongera. Tryphena alitazama pembeni kwa aibu.

"Baba Mable," alimwambia mumewe jioni, "Thadeus anatoka upande ule. Nakuomba, maliza yale mawe."

"Kazi imekaguliwa na imepita. Wewe unajua kuliko Bwana?"

"Ni chokaa ya debe moja tu."

"Kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji," akasema, na akaendelea kusugua vifungo vyake.

Tryphena akamwendea Muli. Muli alimhurumia, lakini aliogopa kugusa mawe ya serikali bila amri. Mwishowe Tryphena alikusanya majivu ya jikoni, akayakoroga kwa maji, akaenda mwenyewe hadi kwenye kona na kuyapaka mawe kwa kitambaa. Yalipendeza. Mvua ya kwanza ikaja ikayaosha yote.

Mvua zile hazikuwa za mchezo. Jioni moja Thadeus aliteremka kutoka Taveta na shehena yake, akikodoa macho kutafuta mawe ambayo kila mtu alikuwa akiyasifu. Hakuyaona. Lori likaingia korongoni, naye akabanwa chini ya usukani hadi watu wa Mraru walipomchomoa. Hospitalini Voi walimkata mguu juu ya goti. Mchuma janga hula na wa kwao, husema wahenga. Huyu nyapara alichuma peke yake, wakala wengine.

Gibson alikwenda kumwona mgonjwa. Alikwenda na kabuti.

"Pole, shemeji," akasema kwa ile sauti yake ya barabarani. "Lakini nyinyi madereva mnakimbia sana."

Thadeus alimgeukia. "Nilikuwa natafuta mawe yako, shemeji. Niliambiwa yapo."

Tryphena, aliyekuwa ameketi kando ya kitanda, alitamani mumewe aone haya hata kidogo. Mumewe alikung'uta kola ya kabuti na kuuliza kama kuna chai.

Haukupita muda, Bwana Mkaguzi akaenda tena Moshi. Safari hii mvua ilikuwa imeikata njia ya Namanga, naye ikambidi arudi kwa njia ileile aliyokwenda nayo. Simu ikapigwa kutoka Taveta, na Gibson alipopata habari alikimbia mbio ambazo hakuna aliyejua anazo. Chokaa ikatolewa palepale. Vibarua wakaitwa, mapanga yakafyeka, na Tryphena mwenyewe akaamriwa kuteka maji ya kukorogea. Akateka. Upande wote wa Taveta ulikwisha kabla ya saa ya kula. Asubuhi moja tu! Mguu wa kaka yake haukustahili asubuhi moja.

Gari likaja, likasimama. Bwana Mkaguzi akashuka akitabasamu.

"Mzuri sana, Gibson. Pande zote mbili! Wewe nafikiri watu."

"Ndiyo, Bwana," Gibson akasema, amesimama wima ndani ya kabuti lake. "Maisha ya watu kwanza."

Tryphena akatua debe. Akachukua brashi kutoka mkononi mwa Muli, akaichovya, akapita nyuma ya mumewe na kumpaka chokaa mgongoni, kuanzia kola hadi pindoni. Gibson alijaribu kugeuka, naye akamfuata huko huko.

"Simama, kuna upande umesahauliwa," alisema. Kisha akamgeukia Mzungu. "Bwana, gusa jiwe hilo."

Bwana Mkaguzi akagusa. Kidole kikatoka cheupe, kimelowa.

"Mpaka leo asubuhi upande huu ulikuwa mweusi. Kaka yangu yuko hospitali ya Voi, hana mguu."

Bwana Mkaguzi alikitazama kidole chake, akamtazama Gibson, na ungedhani sasa atasema neno. Akatoa leso, akajifuta vizuri, akarudi garini akaondoka zake. Vibarua walitazama chini. Gibson alianza kulia, na alichokuwa akililia ni kabuti.

Tryphena aliwaacha hapo. Alipata lori la mkonge lililokuwa likielekea Voi, akaingia wodini bila hata kunawa. Thadeus alikuwa macho. Akaiona mikono yake, nyeupe hadi kwenye viwiko.

"Dada, hiyo chokaa imetoka wapi?"

"Wameileta," akasema, na akaketi. "Wameileta leo."