Kadi Niliyompa Mnunuzi

Siku ya kwanza katika shule ya juu ya sanaa nilisimama mlangoni nimeshika kalamu mpya ya risasi, nikashindwa kuingia. Katikati ya darasa alisimama mtu wa plasta, mweupe kama chokaa, hana hata kitambaa. Nilikuwa nimetoka Fizi na cheti changu cha sekondari nikidhani nitafundishwa kuchora maua na makanisa. Mwenzangu mmoja, mtu wa Kasai, akaninong'oneza: "Ndugu, huyu masikini, nani alimuibia manguo?" Nilicheka kwa sauti. Profesa wa Uchoraji, Mbelgiji mfupi aliyevaa koti jeupe la daktari, akageuka. "Anayecheka atachora wa kwanza."

Hiyo ilikuwa katikati ya miaka ya hamsini. Tulianza na krokii, yaani mchoro wa haraka unaokamilika kabla mtu hajabadili mguu. Halafu fusaini, makaa membamba ya kuchorea, ambayo ukiyagusa vibaya kazi ya juma zima inakuwa moshi. Mwaka wa mwisho, ili upate diploma ya juu, ulitakiwa kurudi kwenu na kuchora kitu kimoja cha wazee kutoka pande nne, kwa vipimo kamili. Chini yake uweke fishi, kadi ya maelezo. Profesa alisisitiza: "Kitu kisicho na mwenyewe wala mahali ni takataka. Andika yote."

Nikapanda treni, kisha meli hadi Baraka, nikatembea mpaka Lweba kwa mjomba wangu, mvuvi wa ndakala, dagaa wa ziwani. Alikuwa na sanamu ndogo ya mti, nyeusi kwa kupakwa mafuta, aliyokabidhiwa alipopanda daraja kati ya wazee. Mtu asiye wa daraja lake hakutakiwa kuiona. Siku ambayo angekufa ingepokelewa na mkubwa wa wazee, naye angemkabidhi mtoto wa mjomba pamoja na daraja.

"Mujomba, naomba niichore."

"We ni mutoto wa dada yangu," akasema. "Chora. Lakini macho yako tu."

Nilielewa kwamba nisiiguse. Sikuigusa. Niliipima kwa uzi bila kuufikisha kwenye mti, kwa siku mbili, nikijiona mtu mwenye adabu. Kisha nikaandika fishi: jina la mjomba, Lweba, nyumba ya tatu kutoka kanisani, ndani ya kikapu, chini ya kitanda.

Mchoro wangu ulishika nafasi ya kwanza, ukatundikwa ukutani watu waje kutazama. Mzungu mmoja, mnunuzi wa vitu vya kale, alisimama mbele yake akinakili fishi. Alikosea jina la kijiji. Mimi mwenyewe nikamsahihisha: "Ni Lweba, Bwana, kwa W." Alipoomba ile kadi iwe ukumbusho wake, nilimpa. Nikaiwekea na sahihi.

Niliporudi Lweba na diploma, mke wa mjomba hakunipokea mzigo. Alikaa chini.

"Ule muzungu alikuja na karatasi yako," akasema. "Mi sijue kusoma, lakini ile Y yako ya mukia murefu naijua tangu mabarua yako. Akasema we ndiye ulimutuma, eti iende kupigwa picha, itarudia. Mume wangu alikuwa kwenye ziwa. Nikamupa."

Mjomba alikuwa anashona wavu, hakuinua kichwa.

"Nilikuambia macho yako tu. We ukamupa macho, ukamupa na njia."

"Mujomba, vipimo ninavyo vyote. Nitachonga ingine."

Mke wake akaziba mdomo kwa mkono. Mjomba akaniangalia kwa mara ya kwanza tangu niingie. "Mama yako akikufa, utachonga ingine?"

Niliandika barua nyingi kwa yule mnunuzi. Hakuna iliyojibiwa.

Nikawa mwalimu wa kuchora: kwanza Baraka, halafu Lulimba, mwisho Fizi. Mkurugenzi wa shule ya Lulimba, alipokuja kukagua, aliwahi kushika daftari la darasa langu lenye michoro ya vitu vya wazee. "Mwalimu, jina la mwenye kitu liko wapi?"

"Hatuandike, Mkurugenzi."

"Ni uvivu?"

"Andika hivyo."

Sasa nimestaafu. Vijana wanaosoma sanaa huja kuniuliza ufundi wa zamani, nami huwaeleza fusaini, krokii, na habari ya kadi ile, bila kuficha. Wakiniuliza kuhusu mnunuzi, wanataka nimlaumu yeye. Aliiba, ndiyo. Lakini mwandiko ulikuwa wangu, na sikulazimishwa na mtu. Profesa alidai kadi iwe chini ya mchoro; hakuniambia niigawe.

Kuna jambo ambalo sijawahi kuwaambia. Mjomba alipokufa, wazee walifika msibani. Mkubwa wao akapiga goti mbele ya mlango, akanyoosha mikono miwili kupokea, kama desturi inavyotaka, kwa sababu hakuna aliyethubutu kumwambia mapema kwamba sanamu haipo. Mtoto wa mjomba alikuwa amesimama karibu yake, amevaa shati lililopigwa pasi, akisubiri daraja la baba yake. Hakuna aliyetoka ndani. Mzee alikaa hivyo, viganja wazi, mpaka mikono ikachoka. Ndipo yule binamu yangu akamshika viwiko na kumsaidia kuishusha.