Kadi ya Pembe ya Chini Kulia

Wenzangu waliofanya biashara Guangzhou miaka ile ya mwisho ya tisini wana mengi ya kusimulia kuhusu makontena. Mimi kilichobaki mikononi mwangu ni albamu ya kadi za simu zilizokwisha, na kila nikiifungua wivu wa wakati ule hunirudia kama baridi yabisi.

Kwa asiyezijua: ilikuwa kadi ya plastiki, ukubwa wa kitambulisho. Unaichomeka kwenye simu ya barabarani, unaongea, uniti zinapungua, zikiisha unaitupa. Kila nchi ilichapa picha zake, na duniani kote walikuwepo watu waliozikusanya kama wengine wanavyokusanya stempu. Wengi walitaka ile iliyokwisha kutumika, mradi isiwe na mkwaruzo.

Mimi nilianza kwa bahati. Nilikuwa nikinunua nguo Shisanhang, mtaa wa jumla ambako mtu hubeba furushi kubwa kuliko yeye na bado anakukaripia umpishe. Nililala mtaa wa Xiaobei, chumba kimoja na Mzanzibari aliyekuwa akinunua viatu. Jumapili moja nilipita kwenye bustani ambako wazee wa Kichina walibadilishana kadi, kila mmoja na albamu yake mapajani na kibano cha kushikia, maana kadi haishikwi kwa vidole. Mfukoni nilikuwa na kadi ya nyumbani iliyokwisha, yenye picha ya twiga. Nikampa mzee mmoja. Akasimama, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akaniita laoban, yaani bosi. Neno hilo nilikuwa nimezoea kuitwa na watu waliotaka kuniuzia kitu. Huyu hakuwa na cha kuniuzia. Tangu siku hiyo nikanasa.

Haukupita muda nikagundua kwamba kulikuwa na bustani nyingine, kubwa zaidi, ndani ya kompyuta. Juu ya duka la tambi palikuwa na mkahawa wa intaneti, na humo nikajiunga na kundi la wakusanyaji waliobadilishana kadi kwa barua pepe. Aliyelisimamia alikuwa Mholanzi mmoja mstaafu. Sheria yake kuu ilikuwa rahisi: mgeni hutuma kwanza. Unatuma kadi zako kwa posta, mwenzako akizipokea ndipo anatuma zake, na akiridhika anaandika sifa yako mbele ya wote. Ukishasifiwa na watu wa kutosha, jina lako linaingia kwenye Orodha ya Waaminifu, na kuanzia hapo wanaokufuata ndio wanaotangulia kutuma. Mtanzania kwenye orodha ile nilikuwa mimi peke yangu, na nilijiona mtu.

Kadi zangu za kubadilishana zilitoka kwa mke wangu. Alikuwa karani wa kupiga chapa katika ofisi ya uwakala wa forodha Dar es Salaam. Asubuhi akienda kazini alipita kwenye vibanda vya simu karibu na posta, akainama na kuokota kadi zilizotupwa, kisha akanitumia kwa wafanyabiashara waliokuwa wakija Uchina. Hebu fikiria, mwanamke mtu mzima, amevaa nguo za ofisini, anaokota takataka mbele za watu kwa ajili ya mumewe. Sikumbuki kumshukuru. Nakumbuka kumwambia, "Safari ijayo zifute vumbi."

Nilipokwenda likizo nilimwonyesha lile kundi kwenye kompyuta ya ofisini kwao, ambayo bosi wake alimruhusu kuitumia baada ya kazi. Nia yangu ilikuwa anisaidie kujibu barua nikiwa sokoni. Mimi huandika kwa vidole viwili, natafuta kila herufi kama sarafu iliyoanguka mchangani. Yeye aliandika kwa vidole kumi huku akinitazama usoni na kuniuliza kama nimekula. Hapo hapo nilipaswa kujua.

Akajiunga kwa jina lake, lile la baba yake kama lilivyoandikwa kazini, na anwani ya sanduku la posta la ofisi. Hakuna aliyejua kwamba sisi ni mke na mume. Mimi sikusema, na yeye hakuulizwa.

Mwanzoni nilifurahi. Kisha sifa zikaanza kuja. Yeye hakufunga kadi kwa karatasi ngumu tu kama sisi wengine. Alizilaza kwenye kipande cha kitenge alichoomba kwa fundi cherehani wa jirani, kila bahasha rangi yake. Mama mmoja wa Brazili akaandika mbele ya kundi zima kwamba amekitundika kile kitambaa ukutani. Mwingine akalalamika kwamba yeye kapata kadi bila kitambaa, je, amekosa nini? Mimi nilikuwa nimetuma kadi kwa watu hao hao, na sifa zangu zote zilikuwa za neno moja: zimefika.

Mzanzibari wangu, ambaye alikuja mkahawani kuangalia bei za viatu, alisoma juu ya bega langu akacheka mpaka akakohoa.

"Ushapikuliwa, kaka. Mwanafunzi kampita mwalimu, na mwanafunzi mwenyewe ndiye anayekupikia!"

"Ananipikia wapi, niko Uchina."

"Basi hata hilo huna."

Nilicheka naye, lakini roho iliniuma. Ningeweza kuvumilia kupitwa na Mjapani. Kupitwa na mtu uliyemfundisha wewe mwenyewe pa kubonyeza, tena anayelala upande wa pili wa kitanda chako, ni kitu kingine.

Kilichonimaliza kabisa ni mzee wa Norwe. Kulikuwa na seti ya kadi nne ambazo ukizipanga zinaunganika kuwa picha moja: gari moshi linapita kwenye theluji. Nilikuwa na tatu: mlima, moshi na injini. Niliyoikosa ni ya pembe ya chini kulia, kituo kidogo ambapo mtu amesimama na mbwa wake. Mzee huyo alikuwa nayo ya ziada, nilikuwa nimeiona kwenye ukurasa wake, na kwa muda mrefu nilimwomba. Nilitaka kumpa kadi ya twiga, nikataka kumpa yenye picha ya mlango wa Unguja, nikataka kumpa kadi za Kichina ambazo wazee wa bustanini walizitoa kwa kusitasita. Jibu lake lilikuwa lile lile: hiyo habadilishi.

Mke wangu nilikuwa nikimpigia ofisini, saa nane mchana kwangu, saa tatu asubuhi kwake. Siku moja akapokea akiwa anacheka tayari.

"Baba watoto, huyu babu yako wa Norwe ana vituko. Anasema mbwa wake anakula soksi."

"Mimi hajawahi kuniambia kama ana mbwa."

"Ulimuuliza?"

"Unamwandikia nini wewe?"

"Nilimuuliza theluji inanukaje."

"Akajibu?"

"Kurasa mbili." Akanisomea kipande kwa Kiswahili chake, akitafsiri papo kwa papo, kuhusu harufu ya sufu yenye maji na chuma, na mke wa yule mzee ambaye sasa ni marehemu na alivyopenda kula theluji kwa kijiko. Nilisikiliza nikiwa nimesimama kwenye kibanda, magari yananguruma nyuma yangu, na sikusikia uzuri wowote. Nilisikia mwanaume mwingine anampigisha mke wangu soga.

Wiki chache baadaye akaniambia, "Kaniahidi ile ya pembe."

"Ipi?" nilisema, ingawa nilijua.

"Ile unayoitafuta. Anasema nikishaingia kwenye Orodha ya Waaminifu ataituma siku hiyo hiyo. Kabla ya hapo hatumi, ndiyo desturi yake. Nimebakiza kidogo tu."

"Kwa nini akupe wewe?"

Akafikiri. "Labda kwa sababu sikuiomba."

Alisema bila ubaya. Lakini sauti yake ilikuwa na furaha ambayo sikuwa nimeisikia kwa muda, furaha ya mtu anayesubiri kitu chake mwenyewe. Miaka yote alikuwa akipiga chapa barua za watu wengine, na chini ya kila moja lilikuwepo jina la mtu mwingine. Sasa jina lake lilikuwa linakaribia kuandikwa mahali. Nililijua hilo vizuri kuliko mtu yeyote, nami likanichoma.

Mholanzi alikuwa na sheria ya mwisho. Kabla ya kumwingiza mtu kwenye orodha, alimuuliza mwanachama wa nchi yake, kama yupo. Barua ikanifikia mkahawani, fupi na ya heshima: kuna bibi wa Dar es Salaam, sifa zake ni nzuri sana, je, unamfahamu?

Ningeweza kuandika kwamba ni mke wangu. Ningeweza kuandika ndiyo na kuishia hapo. Ningeweza hata kukaa kimya. Nikaandika kwamba simfahamu mtu huyo. Ni maneno machache, lakini kwa vidole viwili yalinichukua muda, na muda wote huo ningeweza kuacha.

Mzanzibari alikuwa amekwenda kununua chai. Aliporudi barua ilikuwa bado kwenye kioo cha kompyuta.

"Huyu si mkeo?"

"Ndiye."

"Na umeandika humjui?" Akaanza kucheka, akanitazama, akaacha. "Kaka, ifute."

"Imeshakwenda."

"Basi andika nyingine sasa hivi, useme ulikuwa mzaha."

"Kesho."

"Kesho! Watu wa bara nyie mna roho." Akachukua chai yake, na ya kwangu pia, akaenda kukaa kwenye kompyuta ya mbali.

Sikungoja hadi kesho kuona nilichofanya. Jioni ile ile Mholanzi aliwaandikia wote: mwenzetu wa Guangzhou, ambaye ni wa nchi ile, anasema hamfahamu bibi huyu, basi tusimtumie kitu mpaka tujue zaidi. Watu aliokuwa ameshawatumia kadi wakazuia zile walizopaswa kumtumia yeye. Mmoja akauliza mbele ya wote, kadi nyingi hivyo anazipata wapi, au zimeibwa? Yule mama wa Brazili alimtetea, peke yake.

Nilingoja mke wangu aandike neno moja tu: huyo ni mume wangu. Wangenicheka dunia nzima, na ningestahili. Hakuandika kitu. Nikangoja siku, nikangoja nyingine, na kimya chake kikanitisha kuliko matusi. Mwishowe nikanunua kadi mpya, yenye ua jekundu la msufi, nikapiga.

"Ofisi, habari za asubuhi."

"Mimi hapa."

"Wewe nani?"

"Mumeo."

"Simfahamu," akasema, kwa sauti ile ile ya karani.

Nikajaribu kucheka. "Mama watoto, nisikilize kwanza…"

"Subiri kidogo, kuna kazi ya bosi."

Hakukata. Aliulaza mkono wa simu mezani, nikamsikia akivuta kiti, kisha vidole kumi vikaanza. Niliita. Nikaita tena. Vidole havikusita. Sijui alikuwa anaandika nini, pengine ankra tu, lakini nilisimama pale nikisikiliza huku namba za uniti zikishuka kwenye kidirisha cha simu, mpaka zikaisha na mashine ikaitema kadi.

Nilikwenda moja kwa moja mkahawani, nikamwandikia Mholanzi ukweli wote: ni mke wangu, namfahamu, nilimwonea wivu. Alinijibu kwa adabu. Anayetoa ushahidi wa uongo huondolewa, kwa hiyo jina langu limefutwa, na la mke wangu ataliandika kwa furaha akikubali. Akamwomba radhi mbele ya kundi. Mke wangu alimjibu kwa mstari mmoja: anashukuru, ila ameshaacha kadi.

Niliporudi nyumbani na mzigo wangu wa mwisho niliikuta kadi ya pembe juu ya meza ya kujirembea. Yule mzee wa Norwe alimtumia hivyo hivyo, nje ya orodha, bila kudai chochote. Nilipomwuliza kama naweza kuiona, alinipa kama mtu anavyokupa mwavuli.

"Chukua, si ndiyo ulikuwa unaitaka?"

Nikazipanga nne mezani. Gari moshi likakamilika, kituo, mtu na mbwa wake. Yeye alikuwa anakunja nguo, na hakuja kutazama. Sikuwahi kumuuliza kama tangu mwanzo alikuwa akiitafuta kwa ajili yangu au kwa ajili yake. Majibu yote mawili nayaogopa.

Kadi aliacha, lakini barua hakuacha. Yule mzee aliendelea kumwandikia, na baadaye uzee ulipomzidi bintiye akawa anamwandikia kwa niaba yake, na hata sasa, baada ya mzee kufa, binti bado anaandika. Sisi wenyewe tumezeeka. Hakuna ugomvi nyumbani. Ananipa dawa zangu kwa wakati, ananisemesha vizuri. Ila barua ikija anaingia nayo chumbani na kurudisha mlango, na baada ya kitambo namsikia anacheka. Mimi nakaa sebuleni, natega sikio. Zamani angetoka akanisomea.