Mipira ya Tope ya Gari la Betri

Gari lile halikuwa na ngurumo. Nilikuwa nimezoea malori ya mgodi, ambayo unayasikia yangali nyuma ya kilima, na mara ya kwanza lilipopita mgongoni mwangu niliruka pembeni nikajigonga kwenye nguzo. Lilikuwa gari la betri: kitanda bapa, magurudumu madogo, na masanduku ya betri yamepangwa chini ya kitanda. Lilibeba vyuma na mawe ya kupimwa kutoka kwenye kinu cha kusagia mwamba hadi ofisini. Wakubwa walilipenda kwa sababu halikutoa moshi. Mimi sikulipenda, lakini nilipewa nilitunze, na baada ya muda nikajikuta nagombana na watu wanaolisema vibaya.

Ilikuwa miaka ya hamsini mwanzoni, katika mgodi mmoja wa dhahabu upande wa Geita. Mimi ni Mngoni, nilitoka Songea kwa mkataba pamoja na wenzangu watatu. Mkataba ulipokwisha wao walirudi nyumbani. Mimi nilibaki kwa ukaidi tu, kwa sababu kaka yangu alikuwa ameniambia sitaweza kukaa. Chumba changu kilikuwa cha mwisho kambini. Jioni nilipika ugali, nikala, nikaosha sufuria, na siku ikawa imekwisha. Zilipita wiki nzima sijasikia neno la Kingoni ila lile nililojisemea mwenyewe, na nilianza kujisemea mengi.

Aliyenipunguzia upweke ule alikuwa Msukuma mmoja wa makamo, kazi yake kujaza maji kwenye betri na kufuta tindikali iliyomwagika. Sisi na Wasukuma ni watani, na yeye aliuchukua utani huo kama kazi yake ya pili. Asubuhi alinisalimu kwa Kisukuma, "Mwangaluka, mateka." Nami nikamjibu, "Mhola, mla michembe," maana wao na viazi vyao vya kukausha hawaachani. Alisema babu zangu walikuja mpaka Runzewe kuiba ng'ombe wa watu, wakatekwa, wakazikwa huko huko, na mimi nimekuja kuwatafuta. Saa ya chakula alifungua kopo langu kabla yangu akachagua alichotaka. Mimi nilimfichia kofia akatembea juani siku nzima. Watu wa karakana walikaa wakisubiri tu nani atamtukana mwenzake vizuri zaidi. Sitaki kutia chumvi, lakini kulikuwa na asubuhi nilizoamka kwa ajili ya matusi yale.

Mvua zikaanza. Udongo wa mbuga ukilowa hauna adabu, unanata kila mahali. Magurudumu ya gari la betri yalirusha tope juu ya vifuniko vya betri na juu ya kila aliyetembea nyuma yake. Siku yalipomrushia msimamizi kwenye soksi zake nyeupe, niliitwa. Aliniambia nitengeneze mipira ya kuning'inia nyuma ya magurudumu izuie tope, na iwe tayari Jumamosi, kwa kuwa wageni wa kampuni walikuwa wanakuja kutazama kinu. Hakuniwekea mtu wa kunisimamia. Tangu nifike mgodini ilikuwa kazi yangu ya kwanza peke yangu, na nilitaka kuifanya ili hata kaka yangu kule Songea aisikie.

Nilipata mkanda mzito wa mpira wa kinu, uliochakaa. Nilikata vipande viwili kwa kisu nilichokuwa nikikichovya kwenye maji ya sabuni, maana mpira mkavu unakishika kisu. Nikatoboa matundu kwa chuma cha moto, nikaweka bapa la chuma kwa nyuma, nikakaza kwa boliti. Nilipima ardhi na mpira nikaacha vidole vinne. Kosa langu ni kwamba nilipima gari likiwa tupu. Lilipopakiwa mawe springi zilishuka, mipira ikaburuta, na dereva aliporudi nyuma gurudumu likaukanyaga mmoja na kuung'oa, na wa pili ukachanika.

"Gari la Mngoni linafagia njia," mtani akatangaza karakana nzima. "Kuna mkwe anakuja?"

Nilicheka pamoja nao. Nikakata jozi nyingine kutoka kipande cha mwisho cha mkanda. Safari hii nilipakia mawe kwanza ndipo nikapima. Alhamisi jioni mipira ilikuwa imelala juu ya meza yangu, matundu tayari, ya kufungwa kesho yake.

Ijumaa asubuhi nilikuta mmoja.

Mtani akaingia akiwa amevaa katambuga mpya, nene, nyuzi za mkanda wa kinu zikionekana kwenye ukingo. Akainua mguu mmoja, akaugeuza huku na huku kila mtu aone. "Mateka hana mali," akasema. "Chake ni changu." Watu wakacheka mpaka wakashikilia meza.

Kila Mngoni anajua nilichopaswa kufanya. Ningemvua viatu vile palepale nikavivaa mimi. Ningemdai mbuzi. Ningelala chini nikalia kama mjane, na habari ile ingechekewa mpaka mavuno. Hayo nayajua sana leo. Siku ile niliona tu kazi yangu, ile niliyotaka ifike Songea, iko miguuni mwa mtu. Hasira ikanipanda kichwani. Nikatoka karakana, nikavuka uwanja, nikaingia kwa msimamizi, nikasema, "Ameiba."

Msimamizi hakujua utani ni nini, na mimi sikumweleza. Kabla ya saa nne mtani alikuwa ameondolewa karakana na kupelekwa kuchimba mitaro ya maji ya mvua. Kabla hajatoka aliinama nyuma ya masanduku ya betri, akavuta kipande kizima cha mkanda, akakiweka mezani pangu.

"Hiki nilikuombea kinuni jana," akasema. "Nilitaka uchachamae kwanza kidogo." Kisha akasema, "Samahani, bwana fundi."

Hakuwahi kuniita bwana hata siku moja.

Nilikata mpira mpya nikaufunga. Jumamosi wageni walitembea nyuma ya gari kutoka kinuni hadi ofisini wamevaa nguo nyeupe, wakafika na nguo nyeupe. Msimamizi alinipiga bega. Kazi ilikuwa nzuri, siwezi kuikana, na mipira ile ilidumu kuliko betri zenyewe. Lakini karakana ilikuwa kimya. Wasukuma wote pale waliacha kunitania. Hawakuninunia, na ningependa wangeninunia. Walinisalimu vizuri, wakanipisha mlangoni, wakaniambia "bwana fundi" kwa heshima zote. Kopo langu la chakula nililifungua mwenyewe kila siku, nikakuta kila kitu kimo.

Nilijaribu kurekebisha. Nilimfuata mtani kwenye mitaro nikamuuliza kama anachimba kaburi la kujizikia, kwa sababu ni fupi mno kwa kichwa chake. Alisimama, akafuta jasho, akaniuliza habari za kazi. Siku nyingine nilichukua kigoda chake mbele ya mlango wake, nikaenda nacho nikitembea polepole ili anione. Aliniona. Alisema, "Chukua tu, bwana, kama unakihitaji." Nilikaa nacho siku mbili nikakirudisha, nikamkuta mke wake, naye akanishukuru. Nilirudi chumbani nikiwa na hamu ya kupiga kitu teke, na chumbani hapakuwa na kitu ila sufuria.

Mvua zilipokwisha nilipata barua ya kaka yangu. Mama alikuwa amefariki miezi miwili nyuma. Kwa miezi hiyo miwili nilikuwa nikimwekea akiba ya mambo ya kumsimulia.

Nilitandika mkeka mbele ya mlango nikakaa, kama mfiwa anavyokaa. Katekista alikuja akasali. Majirani walikuja, wengine Waislamu, wengine Wakristo, wakaleta uji na kuni, na siwezi kuwalaumu kwa lolote. Lakini kwetu mfiwa haondoki kwenye mkeka mpaka mtani amtoe. Mtani huja na kelele. Anauliza kwa nini unalia wakati marehemu alikuwa mchoyo, anaiga mwendo wake, anakunywa uji wako, anakunyang'anya mkeka huku umeukalia, na unapocheka, hata kama ni kwa machozi, kilio kimekwisha. Pale kambini sikuwa na mtu mwingine wa kunifanyia hata moja kati ya hayo. Nilikuwa na yule mtani wa betri tu.

Siku ya pili nilimwona akija. Niliona kofia yake kwanza, kisha koti. Nilikaa vizuri kwenye mkeka ili apate pa kuushikia. Niliwaza atasema nini juu ya mama yangu, na nilikuwa tayari kusikia lolote, hata liwe baya namna gani.

Alivua kofia alipofika. Alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Pole sana kwa msiba, bwana," akasema. "Mungu amlaze mama mahali pema."

Nikasema, "Ahsante."

Alikaa kwenye ukingo wa mkeka, akiangalia asinikanyagie. Aliuliza kama mama aliugua muda mrefu. Nilimwambia barua haikueleza. Nilimsogezea uji, alikunywa kidogo, kadiri anavyokunywa mgeni, akashukuru. Kisha akaomba ruhusa aondoke, kwa kuwa mitaro ilikuwa inamngoja. Nilimsindikiza hadi mwisho wa kambi tukapeana mikono.

Nilirudi nikakaa siku ile yote, na kesho yake pia. Kisha niliinuka mwenyewe, nikakunja mkeka, nikaenda kazini.