Mwenye Mlango

Turubai likipigwa na jua la mchana hutoa harufu kali inayokaa kooni, na kila ninapoisikia narudi katika kambi ya wakimbizi, Ngara, nikiwa na miaka tisa. Tulikuwa watatu: mama, mimi, na mdogo wangu Melkiori wa miaka minne. Baba alibaki ng'ambo ya mto na hatukupata habari zake tena. Mcheza kwao hutunzwa, lakini kwetu sasa palikuwa kibanda cha miti na turubai, na mlangoni palining'inia gunia tupu la mahindi ya msaada. Mama, aliyeacha migomba yake na ghala lake, hakuwa na kitu cha kutugawia. Basi akampa Melkiori lile gunia. "Wewe ndiye mwenye mlango," alimwambia. "Asiingie mtu usiyemkaribisha."

Kila asubuhi Melkiori alilikunja na kulifunga kwa kamba ya mgomba, vidole vikihangaika muda mrefu. Mama alimngoja nje na ndoo kichwani, huku foleni ya maji ikirefuka. Siku moja niliponyoosha mkono nifunge mimi, alinizuia. "Mwache. Chakula tunapimiwa, mahali pa kulala tumeonyeshwa. Na hili tukimfanyia, atajua lini kwamba naye ni mtu?" Hata mama mwenyewe, akirudi na maji, alipiga hodi akasubiri. Jirani yetu, Mama Anjela, alipenda kumtania Melkiori.

"Hodi, mzee."

"Subiri kwanza."

"Jua linaniunguza, bwana mkubwa."

"Haya, karibu. Futa miguu."

Mvua zilipoanza, Melkiori alishikwa na kuhara. Kwa siku mbili tulimnywesha maji ya chumvi na sukari, yakatoka yote. Mama Anjela akakimbia kuita watu wa zahanati. Vijana wawili wakaja na machela, wakalisukuma gunia wakaingia. Hawakukosea; mtoto alikuwa anaisha. Lakini Melkiori aliinua mkono kuelekea mlangoni, akashindwa kuushikilia. Mama akasema taratibu, "Wanangu, pigeni hodi kwanza." Mmoja alimtazama kama aliyepotewa na akili. Mwenzake akatoka nje, akasimama mvuani.

"Hodi."

"Karibu," alisema Melkiori.

Sikumsikia akisema neno jingine. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwenyeji wetu hakupona. Mama alirudi kutoka zahanati peke yake, kanga yake ikiwa imekunjwa, na jioni ile hakuna aliyelishusha gunia. Tulilala mlango ukiwa wazi, baridi ikiingia.

Leo naishi Bukiriro, hukohuko Ngara, katika nyumba ya matofali na bati. Ina milango miwili ya mbao, na wanangu huibamiza bila kufikiri. Mama amezeeka, anakaa nasi. Kila jioni akitoka shambani huukuta mlango uko wazi, naye husimama nje na jembe lake, akapiga hodi. Wajukuu humcheka: "Bibi, si ni kwako hapa?" Hata mvua ikinyesha haingii, mpaka yule mdogo ainuke amwambie karibu.