Jiwe Nililolitupa Mapema

Hendibreki ya gari kuukuu haiharibiki kwa siku moja. Inakufa pole pole, kama mzee asiyetaka kusumbua watu. Mwezi huu unaivuta kidogo zaidi, mwezi ujao zaidi ya hapo, hadi siku moja mkono unafika kifuani na gari bado linateremka. Hapo ndipo dereva anapookota jiwe.

Tunduma ya miaka ile kila gari lilikuwa na jiwe lake nyuma ya kiti. Vita vya Uganda vilikuwa vimekwisha, sabuni nayo ilikuwa imekwisha, na vipuri tulivisikia kama hadithi za bibi. Gari likiegeshwa mlimani, mtu anashuka haraka kuweka jiwe nyuma ya gurudumu. Ndiyo maana gereji kwetu, hendibreki ikipona, fundi mwenyewe alilitoa jiwe garini na kulitupa nyuma ya ukuta mbele ya macho ya mwenye gari. Hatukuwa na njia nyingine ya kusema kazi imekwisha. Mzee mwenye gereji, Mwislamu kutoka Kondoa aliyenifundisha ufundi tangu spana ya kwanza, alikuwa mkali sana kwa jambo hilo. "Usitupe jiwe la mtu mpaka moyo wako utulie," alisema. Wengi tulimwona anatia chumvi.

Baba yangu alikuwa mkulima wa kahawa katika milima ya Ileje, juu ya Itumba. Pikapu yake aliinunua ikiwa imeshazeeka, na mvua za kule zikaimalizia. Kijijini hapakuwa na gari jingine. Ilibeba kahawa, ilibeba kwaya, na zaidi ya yote ilibeba wagonjwa na wajawazito kwenda hospitali. Jiwe lake lilikuwa jeusi, la mtoni, bapa upande mmoja.

Jumamosi moja mchana aliniletea pikapu hiyo gereji. Akaniambia kwa Kindali, lugha ya kwetu, nami naandika kwa Kiswahili: "Mwanangu, jiwe limenichosha. Nikiwa peke yangu na mgonjwa, nani atashuka kuliweka?"

Alitaka kuondoka alfajiri. Siku hizo Jumapili ikifika saa nane mchana magari ya watu binafsi hayakuruhusiwa barabarani, na barabara ya Ileje haina haraka na mtu. Alisema ameshamwomba Mungu msamaha kwa kukosa ibada.

Nikaingia kazini. Madramu ya nyuma yalikuwa yamegandana kwa kutu. Nikapiga nyundo, nikamwagia mafuta ya taa, nikapiga tena hadi yakaachia. Viatu vya breki ndani bado vilikuwa na uhai, ila vyuma vya kuvisukuma vilikuwa havichezi. Nikavisugua kwa msasa hadi vidole vikatoka damu. Waya wa hendibreki wa kulia ulikubali kuteleza. Wa kushoto ulikuwa umeozea ndani ya ala yake, nikatoa mwingine kwenye gari bovu lililokuwa limelala uani. Nilijisifu moyoni, sifichi.

Halafu nikalala chali chini ya gari nifunge kazi, nikakiona kile chuma kidogo kwenye chesisi kinachozishika nyaya zote mbili. Nikakigusa kwa bisibisi. Bisibisi ikazama kama kwenye kiazi kilichooza.

Dawa yake ilikuwa kukikata na kuchomelea kingine. Gesi ya kuchomelea haikuwepo mji mzima. Mzee mwenyewe alikuwa amekwenda Mbeya kuitafuta, na hakuwa amerudi.

Maneno ya kusema yalikuwa machache: baba, hapa pameoza, endelea na jiwe lako. Sikuyasema. Madereva wa malori walikuwa wamekaa kwenye matairi wakinitazama, na tangu asubuhi nilikuwa nimewatambia kwamba anakuja baba yangu na mtaona kazi. Nilione gari la baba yangu linatoka mikononi mwangu na jiwe, kama la mtu asiye na mtoto fundi? Nikachukua kopo la rangi nyeusi, nikapaka juu ya kutu. Nikamwambia, "Mwezi ujao urudi, kuna kitu kidogo nitakimalizia." Kitu kidogo.

Tukaijaribu kwenye mwinuko mdogo mbele ya gereji, pikapu ikiwa tupu. Ikasimama. Dereva mmoja Mzambia akapiga makofi na kusema, "Mwabombeni, mukwai!" ndiyo pongezi ya kazi kwao. Nikalitoa jiwe nyuma ya kiti, nikalirusha ng'ambo ya ukuta. Baba akaniwekea mkono kichwani, akanibariki mbele ya watu wote.

Wiki ya pili yake dereva wa lori la mahindi aliniletea habari kwamba baba amekufa.

Yaliyotokea nilisimuliwa na baba mdogo, aliyekuwepo. Walikwenda kumchukua mwanamke mwenye uchungu kwenye nyumba iliyo juu ya mteremko mkali. Baba aliisimamisha pikapu ikiwa imeelekea juu, akavuta hendibreki, halafu mkono wake ukaenda wenyewe nyuma ya kiti. Ukakuta patupu. "Alicheka," baba mdogo aliniambia. "Akasema, nimesahau, jiwe mwanangu ameshalitupa." Akaivuta hendibreki tena, kwa mikono miwili, akazunguka nyuma kumfungulia mgonjwa mlango. Pikapu ikaanza kurudi nyuma. Mwanamke na waliomshika waliruka pembeni. Baba hakuwahi.

Kabla ya mazishi niliingia chini ya ile pikapu. Kile chuma kilikuwa kimechanika katikati. Rangi yangu ilikuwa nyeusi na safi pande zote mbili, na pale kilipochanika palikuwa pekundu kwa kutu.

"Kimekatika nini?" baba mdogo aliniuliza.

"Kutu," nikajibu.

"Kutu haina adabu kwa mtu," akasema, akanipa pole. Watu wote walinipa pole. Msibani mama alisimulia jinsi nilivyomtengenezea baba gari kwa mikono yangu mwenyewe, na nilikaa palepale nikimsikiliza, nikiitikia kwa kichwa. Sijawahi kujichukia kama siku ile.

Niliporudi Tunduma nilikwenda nyuma ya ukuta kulitafuta jiwe. Sikuhangaika. Mwanamke aliyekuwa akituuzia ugali pale gereji alikuwa ameliokota, akalifanya figa la tatu la jiko lake. Nilikuwa nimekula chakula chake kila siku tangu Jumamosi ile hadi siku ya msiba. Nikamwomba anipe. "Chukua," akasema, "lakini subiri lipoe." Nikasubiri hadi jioni.

Nikalipeleka Ileje, nikaliweka kichwani pa kaburi. Mama alikuja, akainama, akalitambua kwa ubapa wake ingawa lilikuwa na masizi.

"Hili ni la garini," akasema. "Siku ile lilikuwa wapi?"

Nikamwambia. Nilianza na jiwe, nikashindwa kuishia hapo, nikamweleza na bisibisi, na madereva, na kopo la rangi. Hakulia wala hakunilaani. Aliuliza swali moja tu, kama baba alijua, nikasema hakujua.

Mama aliishi miaka mingi baada ya hapo, na mimi nikapata gari langu. Kila nilipokwenda kumchukua nimpeleke kanisani au hospitali, alinipokea vizuri, akanishukuru, akaulizia watoto. Kisha alichukua fimbo yake, akatangulia kwa miguu, nami nikamfuata nyuma na gari tupu.