Nilivyojenga nyumba ya wageni kwenye shimo la mazuku pale Lac Vert

Wakuu, poleni na majukumu.

Humu mimi ni msomaji zaidi kuliko mwandishi, lakini hili limenikaa kifuani na leo nalitoa. Limenipata mwenyewe, sitaongeza chumvi.

Niko Goma, kazi yangu ni kuchora na kujenga nyumba, huku wanatuita architecte. Nilisoma Dar, ndiyo maana Kiswahili changu kimenyooka kidogo. Nyumbani nikiongea hivi wananicheka.

Nilipata kazi ya kujenga nyumba tatu ndogo za wageni huku Lac Vert, upande wa barabara ya Sake. Mwenye kiwanja alitaka kitu kimoja tu: mtu akipita asijue kama kuna nyumba. Aone mawe jinsi volkano ilivyoyamwaga, basi.

Nilichora hadi nikajipenda.

Katikati ya kiwanja kulikuwa na shimo pana kama bakuli, kina chake kinazidi kimo cha mtu. Nikasema nyumba zinaingia humo. Kuta za mawe meusi ya palepale, paa tunalifunika kwa udongo na majani, ukisimama barabarani huoni hata ncha. Tena humo chini upepo haufiki. Huo utulivu ndio niliousifia kuliko vyote, mjinga mimi.

Mawe yalibebwa na akina mama wa jirani. Mmoja aliitwa Mama Bahati, mwanamke wa maneno machache na uso wa kununa. Alikuwa akitua jiwe shimoni anapanda juu hapohapo. Chakula alikula juu, kupumzika juu, na asubuhi hakushuka mpaka jua likolee. Wenzake wakamfuata. Nikamwona mvivu anayeharibu wengine, nikamsema mbele ya watu.

Kuna jambo lingine, na hapa ndipo naona aibu. Asubuhi kadhaa tuliokota ndege wadogo na mijusi waliokufa mle shimoni. Nikasema labda kuna mtu katega sumu ya panya. Mtoto wa Goma, nimekua nikisikia habari za mazuku, nasema sumu ya panya!

Kwa wasiojua: mazuku ni hewa mbaya inayotoka ardhini huku kwetu kwenye volkano. Haina rangi, na mara nyingi hata harufu huisikii. Ni nzito kuliko hewa ya kawaida, kwa hiyo inatuama mabondeni na mashimoni, hasa alfajiri kabla upepo haujaanza. Mbuzi akiingia anakufa, na mtu vilevile. Nilijua yapo, ila kichwani mwangu yalikuwa ya kwenye viwanja vya wengine.

Nyumba ya kwanza ikaisha. Nikapanga Jumamosi nije na mke wangu na binti yetu wa miezi minane, tulale humo sisi kwanza kabla ya mgeni yeyote. Ijumaa mchana nikawaambia mafundi watandike godoro sakafuni, maana vitanda vilikuwa havijafika.

Mama Bahati akatua jiwe lake.

"Papa, mutoto naye atalala umu?"

"Ndiyo, mama. Na mama yake."

"Ukimulaza apa chini, asubui hataamuka."

Nikamuuliza ana maana gani. Hakubishana.

"Kesho, mbele jua itoke, ukuye. Utaona na macho yako."

Jumamosi kulipopambazuka nilimkuta juu ya shimo, ameshika mti mrefu wenye fungu la majani makavu kwenye ncha. Akanizuia nisishuke. Akawasha majani, akayateremsha taratibu mbele ya mlango. Usawa wa dirisha moto uliwaka vizuri. Ulipofika magotini ukazimika, kama umechovywa majini.

Akawasha tena, ukazimika palepale. Mara ya tatu niliushika mti mwenyewe, maana nilitamani sana awe amekosea.

Godoro lilikuwa limeshatandikwa mle ndani, na shuka juu yake. Nilikaa kwenye jiwe nikalia, wakuu, sioni haya kusema.

Nikamuuliza mbona hakuniambia mapema.

"Ulisema mbele ya batu miko muvivu. Muvivu anafundishaka architecte?"

Wiki hiyohiyo nilimwomba radhi mbele ya watu walewale.

Mwenye kiwanja nilimweleza ukweli wote. Alikasirika, na alikuwa na haki. Tukabomoa, mawe yaleyale tukayapandisha juu. Safari hii sikugusa kalamu kabla ya kutembea na Mama Bahati. Alinionyesha mahali mbuzi wanapolala wenyewe, na mahali moto wake hauzimiki alfajiri hata ukigusa ardhi. Hapo ndipo nyumba zilipo leo. Sakafu imeinuliwa, kuta fupi zinafuata mgongo wa mawe, na majani yameanza kushika paa. Ukipita barabarani huzioni mpaka uonyeshwe.

Namshukuru Mungu, na namshukuru yule mama kwa jina lake. Angeweza kunyamaza. Nilikuwa nimempa kila sababu ya kunyamaza.

Nilichojifunza: nilisoma namna ya kuifanya nyumba ifanane na ardhi, ila sikuwa nimemuuliza mtu anayeishi kwenye ardhi hiyo kama inataka nyumba. Aulizaye njia hapotei, na mimi nilijifanya naijua njia.

Sasa nyinyi mnaojenga, iwe mlimani, mtoni au ufukweni, kabla ya kuchimba msingi mnamuuliza nani? Wekeni visa vyenu hapa, hata kama ni vya kuaibisha kama changu.

Nikichelewa kujibu mnisamehe. Binti yangu amelala usingizi wa mchana sakafuni kwenye nyumba ya kwanza huku juu, na mimi nimekaa hapa mlangoni namsikiliza anavyopumua.