Bustani Iliyosomewa Fatiha

Kijiji chetu kilipohamishiwa kando ya barabara ya kwenda Lindi, serikali haikutubania. Tulipewa mstari ulionyooka, kiwanja kilichopimwa kwa kamba, na mchanga. Mchanga hasa tulipewa wa kutosha. Udongo mzuri ulibaki kule mahame tulikotoka, pamoja na mikorosho na makaburi ya watu wetu. Nadhani haukupata nafasi kwenye lori.

Nilikuwa na miaka kumi na saba, nimemaliza darasa la saba, na kazi niliyoiweza vizuri ilikuwa kuota ndoto mchana kweupe. Mama akinikuta nimesimama na ufagio mkononi, macho angani, alikuwa akisema, "Ukirudi huko ulikokwenda, fagia na upande ule."

Ndoto zangu zilipata pa kutua siku alipokuja bibi maendeleo. Alikuwa mwanamke wa makamo, mtu wa bara, ametumwa atufundishe kuishi. Alitukusanya wanawake mbele ya ofisi ya kijiji akatuambia jambo la ajabu: tusitupe vyombo vibovu. Tukatazamana. Kwetu ndala zilikuwa za tairi, taa ilikuwa kopo la maziwa lenye utambi, na chandarua kikichanika kilikuwa cha kuvulia uduvi. Sijui ni nani aliyewahi kutuona tukitupa kitu.

Lakini alichoongeza kilinishika. Kwa kuwa mchanga haushiki maji wala mbolea, alisema, sufuria mbovu ijazwe udongo na samadi ya mbuzi, ipandwe mboga. Chini itobolewe matundu matatu maji yasituame. Debe lenye kutu hivyo hivyo, na buli lililovunjika mdomo hivyo hivyo. Kisha mbele ya nyumba tuinue tuta la futi sita kwa tatu, vyombo tuvipange kulizunguka, ipendeze. Baada ya miezi miwili angerudi kukagua, na msichana mwenye uwanja mzuri kuliko wote angekwenda Lindi kwenye mafunzo ya miezi mitatu, arudi kuwa mwalimu wa wanawake kijijini.

Wenzangu waliitikia "Ndiyo, bibi" kwa sauti moja, kama tulivyoitikia kila kitu siku hizo, wakaenda zao kupika. Mimi nilibaki nimesimama. Nilikuwa tayari niko Lindi, mbele ya ubao, chaki mkononi, nimevaa viatu vya kufunga.

Nikaanza kupita nyumba kwa nyumba kuomba vyombo vibovu. Watu walinipa kwa moyo mkunjufu na maneno juu yake. Jirani yetu wa kulia alinipa sufuria iliyokuwa imeungua hadi ikatoboka kitako.

"Chukua, mwanangu," alisema. "Na huyu mume wangu naye kachakaa. Hutaki kumpandia bamia?"

"Ana matundu?" nikamuuliza.

"Ya kutosha!"

Mke wa mwenyekiti alinipa debe, na kicheko juu yake. Nilivisugua vyombo vyote kwa mchanga na majivu, nikavipaka chokaa kwa nje, nikavitoboa, nikavipanga nyuma ya jiko. Udongo niliufuata mahame kwa miguu, mzigo kwa mzigo. Nyanya ziliota, mchicha ukaota, bamia zikasimama kama askari. Siku zile niliongea na bamia kuliko nilivyoongea na watu, na sikuona hasara.

Ukaguzi ulipokaribia, mama alikwenda Kiswere kumwangalia dada yake aliyejifungua. Kwa hiyo hakuwapo kunizuia. Jioni ya kuamkia siku yenyewe niliinua tuta mbele ya nyumba, futi sita kwa tatu, kama tulivyofundishwa, nikalipiga kwa kiganja likawa laini. Nikatoa vyombo nyuma ya jiko, nikavizungushia. Nikarudi nyuma hatua kumi nikaangalia. Machozi yalinilengalenga kwa uzuri wake.

Sasa kuna jambo ambalo bibi maendeleo, mtu wa bara, hakulijua, na mimi niliyezaliwa huku nililijua tangu utotoni, ila siku hiyo nilikuwa Lindi. Kwetu mtu akizikwa, bakuli alilolia chakula na kikombe alichonywea hutobolewa na kuwekwa juu ya kaburi lake. Wengine husema ni ili visiibiwe. Wengine husema ni ili navyo vife, vimfuate mwenyewe. Vyovyote iwavyo, ukiona kwetu rundo la mchanga la urefu wa mtu limezungukwa na vyombo vilivyotobolewa, huulizi mboga gani imepandwa.

Asubuhi yake nilikuwa namwagilia. Mzee mmoja aliyekuwa akirudi msikitini akasimama.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu." Akalitazama tuta. Akainua mikono, akasoma Fatiha taratibu mpaka mwisho, akajipangusa uso. "Mungu ampe kauli thabiti."

"Amina, babu," nikasema kwa furaha. "Na mbolea nimetia."

Alinitazama kwa huruma kubwa akaondoka. Nikawaza, kumbe wazee wanapenda maendeleo kiasi hiki!

Jua halijapanda vizuri, wakaja wanawake wanne, kanga zimefunika vichwa, jirani wa kulia akiwa mbele.

"Umeshindwa hata kupiga yowe, mtoto wewe?" alinifokea huku machozi yakimtoka. "Mama wa watu umemfukia kimya kimya kama paka?"

"Mama yupi?"

"Anauliza mama yupi! Akili zimemruka, mshikeni."

Wakanishika kweli. Wakanikalisha kwenye mkeka wangu mwenyewe. Kila nilipofungua mdomo waliniambia nilie tu, nisizungumze. Wakaja wengine. Mwanamke mmoja ambaye hakuwa akisalimiana na mama tangu ugomvi wa kisimani ndiye aliyelia kuliko wote. Alisema mama alikuwa mkarimu, mpole, mkono wazi, hana neno na mtu.

Mama akashuka kwenye lori barabarani, kapu la samaki wakavu kichwani. Akaja akasimama nyuma ya waliaji, akasikiliza kwa makini.

"Endelea," alisema. "Hapo kwenye upole ulikuwa unakwenda vizuri."

Sitaeleza mbio zilizotokea. Watu waliporudi, mmoja mmoja, wakamgusa mama mkono kuona kama una joto, nilidhani mambo yamekwisha na tutacheka. Hatukucheka. Mwenyekiti alikuwa amekwishafika, na yule mgomvi wa kisimani alikuwa na hasira za mtu aliyelia bure.

"Kama hakuna aliyekufa," alisema, "hivi vyombo vilivyotobolewa ni vya nani? Mtoto huyu alikuwa kila siku mahame, tunamwona. Amevitoa kwenye makaburi yetu!"

Hakuna aliyenitazama usoni. Hata jirani wa kulia alisogea pembeni.

Mwenyekiti akakohoa. "Mwanangu, kama ni kweli, Lindi huendi. Na hapa kijijini sijui utakaaje."

Nilitaka kusema kwamba nilifuata udongo tu, kwamba kila nilipopita makaburini nilisalimia, na kaburi la baba nililifagia. Nililia tu, kwikwi za mtoto mdogo, mimi mwalimu mtarajiwa.

Mama aliweka kapu chini. Akachuchumaa kwenye tuta, akakwangua chokaa ya sufuria moja kwa ukucha.

"Huyu marehemu," alisema, "alikuwa hajui kupika. Angalieni alivyounguza. Kuna anayemfahamu?"

Jirani wa kulia akasogea, akainama.

"Ngoja," alisema. "Hiyo si sufuria yangu?"

"Kwani umekufa?"

"Nimekufa wapi! Mtoto nilimpa mwenyewe!"

"Na hili debe?"

"La kwangu hilo," mke wa mwenyekiti akasema kwa sauti ndogo.

Mama akakwangua kimoja baada ya kingine, na kila kimoja kikapata mwenyewe aliye hai, hadi buli lisilo na mdomo, ambalo lilikuwa la yule mgomvi wa kisimani. Nilikuwa msafi. Mwenyekiti akasema mambo yamekwisha, tusameheane. Nikafuta machozi, nikaanza kuona tena ule ubao, na chaki.

Jirani wa kulia akainua sufuria yake na nyanya zake ndani. "Kumbe bado nzima kabisa," alisema, akaenda nayo.

"Mama," nikamwita, "ukaguzi ni leo alasiri!"

"Ndiyo maana," akasema mke wa mwenyekiti, akajitwisha debe.

Nani angewakatalia? Dakika chache kabla nilikuwa nimeomba dua vyombo vile viwe vyao. Vilikwenda vyote, vinapepesuka vichwani na bamia juu, msafara mzuri ajabu. Likabaki tuta tupu, kaburi hasa sasa, na mama akalisawazisha kwa jembe kabla hatujaletewa maiti.

Bibi maendeleo alifika alasiri, na sijawahi kumwona mtu mzima akifurahi vile. Kila mlango una chombo, kila chombo kina mboga. Alisema hajapata kuona kijiji kilichomwelewa kama chetu. Kwetu alikuta mchanga uliofagiwa.

"Na ninyi siku ya somo mlikuwa wapi?"

"Mboga zote ulizoziona amepanda huyu," mama akasema.

"Mama yangu, kila mzazi aliyenipokea leo kaniambia hivyo."

Mama akafungua mdomo tena, nikamshika mkono. Angesema, na mwenyekiti aliyekuwa amesimama nyuma ya mgeni angelazimika kueleza habari ya kaburi, ya msiba, na ya mke wake na debe. Nikamwona alivyokuwa akitokwa jasho, nikamhurumia.

Aliyechaguliwa ni mpwa wa mwenyekiti, shoga yangu, aliyekuwa akiishi kwa mjomba wake huyo penye lile debe. Hakuwa mbaya. Alikuwa anaogopa. Asubuhi ya safari alinifuata nikiwa natwanga, sanduku la bati kichwani.

"Shoga, nitaaibika. Wakiniuliza kwa nini tunatoboa, niseme nini?"

Ningeweza kumwambia aseme ni ili visiibiwe. Nilifikiria, kwa muda mrefu kidogo kuliko ninavyopenda kukiri. Kisha nikauweka mchi chini, nikampokea sanduku, na njia nzima hadi barabarani nikamfundisha. Matundu matatu, kokoto chini, udongo katikati. Mchicha upandwe kwanza. Nyanya zisimikiwe mti wa kuegemea. Alikuwa anarudia nyuma yangu neno kwa neno.

Lori likaja, akapanda, likaanza kuondoka. Akachomoza kichwa juu ya magunia ya korosho.

"Na samadi?" akapiga kelele. "Mbichi au kavu?"

Nikakimbia pembeni ya lori, kanga yanidondoka, kijiji kizima kinanitazama. "Kavu!" nikapiga kelele. "Iliyokaa! Mbichi inaunguza!" Nikakimbia hadi nilipohakikisha amesikia.